Lala mjini, ziwa ulifuate kwa miguu

Safu: NJIA PANDA YA BABATI
Na Fausta Margwe

Tangu lami ya Dodoma ikamilike, simu ninazopigiwa zimebadilika. Mtu yuko Dodoma au Arusha, ana nafasi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, ana mwenzake na watoto, na anataka kupumzika penye maji. "Dada, nitafutie hoteli ya katikati ya mji, lakini iwe ufukweni kabisa. Nikifungua dirisha nione ziwa." Nalifurahia ombi hili. Kwa muda mrefu Babati ilikuwa mahali pa basi kusimama, abiria wakachimba dawa, wakanunua mahindi ya kuchoma na soda, safari ikaendelea. Leo kuna watu wanaotaka kulala hapa bila kuwa na kikao, msiba wala gari bovu.

Ila jibu langu huwashangaza. Nawaambia walale mjini. Wachague nyumba iliyo karibu na ziwa kiasi cha kulifikia kwa miguu, na mbali nalo kiasi cha kuliacha lipumue. Ile ya "ufukweni kabisa" nawaomba waiache, na wiki hii nataka kueleza sababu kwa kirefu, kwa sababu viwanja vya upande wa ziwa vinatamaniwa na wengi, na uamuzi wa mgeni mmoja mmoja ndio utakaosema mji huu ujengwe vipi.

Kwanza tuelewe kwa nini wageni wanakuja. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi Bonga mwezi Aprili 2018. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikihamia Dodoma, na maelfu ya watumishi waliozoea upepo wa bahari wakajikuta katika mji mkavu. Arusha nayo iko kilomita zipatazo 170 kaskazini, lami tupu. Sisi tuko katikati, barabara za Arusha, Dodoma na Singida zinapokutana, na mjini kwetu kuna kitu ambacho Dodoma na Arusha hazina: ziwa lenye viboko, linaloanza pale nyumba zinapoishia. Upande wa mashariki umesimama Mlima Kwaraa na msitu wake. Jioni baridi inashuka, mtu anatafuta sweta. Anayefanya kazi kwenye vumbi la Dodoma hahitaji kushawishiwa zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu za kulala wageni zilijengwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu, gesti zilichipua kila mtaa. Zilimlenga mtumishi aliye safarini na posho yake, dereva wa lori, mnunuzi wa mbaazi na alizeti. Wote ni watu wa usiku mmoja. Kwa hiyo tulijenga geti pana, ukuta mrefu, maegesho katikati, na vyumba pande mbili vikiyatazama magari. Kitabu cha wageni kinauliza unatoka wapi na unakwenda wapi, kana kwamba kufika Babati si kufika. Chai inaandaliwa alfajiri kwa ajili ya wanaowahi basi, na saa tatu ukitoka chumbani birika limeshapoa.

Mgeni wa wikiendi anahitaji vitu vingine kabisa. Anataka baraza ya kukaa akaona watu wakipita. Anataka dirisha linaloleta hewa, chandarua kisicho na matundu, maji ya moto ya uhakika, na kimya baada ya saa nne usiku. Haya hayahitaji ziwa. Yanahitaji mwenye nyumba aliyekaa akamfikiria mgeni wake. Nasema hivi kwa sababu nimeona hoteli kadhaa, hapa na kwingineko, zikitumia maji kuficha uzembe: godoro limebonyea, bomba la bafuni linakoroma bila kutoa kitu, lakini ukilalamika unaonyeshwa mandhari.

Sasa nije kwenye ufukwe wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mita sitini si nyingi. Ni kama kuvuka uwanja wa mpira kwa upana. Hoteli inayokuahidi kwamba utasikia maji yakigonga ukuta wa chumba chako inakuahidi kitu ambacho sheria ya nchi haikiruhusu, na wewe unayelipia chumba hicho unalipia uvunjaji huo.

Wapo wanaoziona mita hizo kama urasimu wa Dodoma. Wenye ziwa hili wanajua kwamba maji yenyewe yaliweka mpaka wao zamani. Ziwa Babati ni la kina kifupi, na udongo unaoshuka kutoka mashamba ya milimani unazidi kulijaza. Mvua zikizidi, halina mahali pa kwenda ila pembeni. Lilifurika mwaka 1964, likafurika 1979, na mwaka 1990 liliingia mjini. Wazee waliokuwepo wanaonyesha kwa mkono maji yalipofikia, na baadhi ya sehemu wanazozionyesha zina vigingi vya viwanja leo. Desemba 3, 2023 jirani zetu wa Katesh walipoteza watu zaidi ya 80 pale tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang, vikifuata mikondo ya maji hadi majumbani na sokoni. Hilo halikuwa ziwa, ni mlima. Lakini nani hapa Manyara, baada ya misiba ile, anaweza kusema kwamba njia ya maji ni kiwanja kama viwanja vingine?

Wenzetu wa Kenya walipata somo lao mwanzoni mwa Mei 2024. Mto Talek ulivunja kingo ndani ya Maasai Mara, kambi za watalii zaidi ya kumi zikazama, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Zile zilikuwa kambi za gharama kubwa, zilizouzwa kwa sifa ya kuwa ukingoni mwa mto. Linganisha na Tarangire, hifadhi iliyo jirani yetu tangu mwaka 1970. Tarangire Safari Lodge imekaa juu ya mwinuko, mto uko chini kule, na ni kwa sababu imejitenga na maji ndiyo maana mgeni anaona tembo wakiteremka kunywa. Angekuwa kwenye ukingo wenyewe angeona matope na nyasi, na tembo wangetafuta njia nyingine.

Na viboko wetu je? Mgeni huwaona mchana, pua na masikio juu ya maji, akadhani huko ndiko wanakoishi saa zote. Jua likizama wanapanda nchi kavu kula majani, na kiboko mmoja hula kilo zipatazo arobaini usiku mmoja. Ukanda ule wa nyasi kando ya ziwa ndio malisho yao na ndio njia yao. Ukiuwekea ukuta na bustani ya maua, umeifunga njia, na mnyama atatafuta nyingine kupitia mashamba ya watu. Sitaki kusikia mtoto wa mkulima ameumizwa kwa sababu mtu wa mjini alitaka kunywa chai akitazama machweo.

Lipo pia jambo ambalo halipendezi kulitaja kwenye habari za mapumziko, nalo ni choo. Vyumba ishirini vya hoteli vinatoa maji machafu mengi kila siku, na kwenye udongo wa ufukweni maji ya ardhini yako karibu sana. Shimo likichimbwa pale, kilichomo hakikai shimoni. Kinaingia ziwani, kwa perege na kambale ambao mgeni yuleyule ataagiza mchana. Anayepiga simu kutafuta chumba ana haki ya kuuliza maji machafu yanakwenda wapi, na mwenye nyumba ajibu bila kukasirika.

Naona pingamizi linakuja: Fausta anataka kutunyima ziwa. Hapana. Nataka tulipate wote. Nenda Unguja ukatazame Forodhani. Wageni wanalala ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ambazo nyingi hazioni bahari kabisa. Jioni wanatoka kwa miguu kuja kwenye bustani ile, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2009, na pale wanakutana na wenyeji waliokuja kula urojo na mishikaki na kutazama vijana wakijirusha majini. Hakuna hoteli inayomiliki jioni ile. Paris nayo, mji ambao watu huvuka bahari ili walale karibu na mto wake, mwaka 2016 iliyaondoa magari kwenye barabara ya ukingo wa kulia wa Seine ili watu watembee. Hoteli hazikusogezwa mtoni. Watu ndio waliosogezwa.

Upande wa pili wa shilingi uko Arusha. Themi na Naura inapita katikati ya mji, mito ya kweli yenye maji ya Meru, na mtu anaweza kufanya kazi pale miaka mingi bila kukaa kando yake hata mara moja. Imebaki nyuma ya kuta: nyuma ya hoteli, nyuma ya gereji, nyuma ya nyumba za watu. Anayeiona ni aliyelipia meza. Ninachokiogopa ni Babati kufuata njia hiyo, kiwanja baada ya kiwanja, mpaka mwanafunzi wa shule ya msingi hapa mjini alione ziwa lake kwenye kalenda.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Dodoma, ukiniuliza uchague vipi, nakwambia hivi. Tafuta nyumba iliyo mtaa mmoja au miwili ndani kutoka barabara kuu, maana kwenye barabara kuu malori yanabadilisha gia usiku kucha, na karibu na stendi utaamshwa na honi kabla ya kuku. Ulizia chumba cha juu, kinachotazama Kwaraa au ziwa kwa mbali. Ghorofa moja tu inatosha kukupa mandhari. Uliza kama jirani kuna baa yenye muziki Jumamosi, na usimuulize mwenye nyumba, muulize bodaboda aliyekuleta. Omba kuona chumba kabla ya kulipa, fungua bomba, zima taa utazame chandarua. Kisha uliza swali moja ambalo wenye nyumba hawajalizoea: nikitoka hapa kwa miguu asubuhi, nafikaje ziwani? Wakikupa njia yenye majina ya maduka na miti, umepata wenyeji wa kweli. Wakikwambia lazima uchukue gari, endelea kutafuta.

Asubuhi ya Jumamosi teremka ziwani na kijana anayewajua wavuvi. Wenye mitumbwi watakupeleka kuwaona viboko kwa umbali wanaouheshimu wao. Bei mwelewane kabla ya kupanda, na kama mtumbwi unavuja au mpiga kasia amelewa, shuka. Usiogelee. Mbali na viboko, maji yaliyotulia kama haya ni makazi ya konokono wa kichocho. Ukirudi mjini kula kwa mama lishe, uagize wali wa mchele wa Magugu na perege wa kukaanga, na hapo fedha yako imegusa mkulima, mvuvi, mwenye jiko na mwenye bodaboda kabla ya saa nane mchana. Hiki ndicho kinachonifanya niing'ang'anie hoteli ya mjini: mgeni aliye ndani ya ukuta wa ufukweni anakula, anakunywa na kulipa mahali pamoja, na mji unabaki kumwona akipita na vioo vya gari vimefungwa. Jumapili, ukirudi Dodoma, simama Kolo uone michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006. Iko njiani.

Halmashauri ya Mji wa Babati nayo ina kazi, na si ya fedha nyingi. Iweke vigingi vya mita 60 kuzunguka upande wa ziwa unaopakana na mji, vya zege, vyenye rangi, ili anayeuziwa kiwanja aone mwenyewe. Ndani ya mita hizo iache nyasi za viboko, na mahali ambapo si njia yao itengeneze njia ya watu ya kutembea mchana, yenye mabenchi, vyoo na bango linalosema saa ya kuondoka jioni. Wavuvi wahakikishiwe sehemu yao ya kuegesha mitumbwi. Na ramani ya mpaka huo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri kabla ya mvua za masika, kila mwenye kiwanja, mwenye hoteli na mwenye kutaka kujenga aisome.