BEJI YA MIONZI SI PAMBO



Mwenzetu akivunjika mkono kwenye mashine ya kiwanda, au mchuma chai akianguka na mzigo wake, hupelekwa kupigwa picha ya eksirei. Mgonjwa wa Nakivale ambaye kituo cha afya cha makazi kimemshindwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Sisi hupigwa picha tukaondoka. Anayeipiga hubaki pale leo, kesho na mwaka mzima. Huyo naye ni mfanyakazi.

Vumbi la kiwandani hukohoza, na dawa ya kunyunyizia shamba hunuka. Mionzi haionekani, hainuki, wala haiwashi. Mtu hajui amepata kiasi gani mpaka apimwe. Ndiyo sababu ya ile beji ndogo ya kifuani, ambayo kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu hupelekwa kusomwa. Beji haizuii mionzi. Hiyo ni kazi ya ukuta, vazi la risasi na kukaa mbali. Beji ni shahidi. Kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka katika miaka 5, na mwaka wowote usipite 50.

Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2008 iliunda Baraza la kusimamia mambo haya Uganda. Lakini sheria haivai beji. Beji ikifungiwa mezani, au majibu yakilala katika faili la mkubwa, shahidi amenyamazishwa.

Wako wasemao mionzi ya picha ni kidogo, gharama ya nini? Kama ni kidogo, majibu yatasema hivyo, na mfanyakazi atalala usingizi. Wengine huiacha beji makusudi, wakiogopa kuondolewa kazini namba ikipanda. Hofu hiyo ni ya chama kuiondoa.

Kwa hiyo tudai katika mikataba: kila anayefanya kazi penye mionzi apewe beji yake, aonyeshwe majibu yake, kumbukumbu imfuate akihama, kipimo kikipanda, mashine na chumba vikaguliwe, wala mtu asipoteze mshahara. Mama mjamzito akitoa taarifa, apangiwe kazi salama kwa malipo yale yale.

Nasi wa mashamba na viwanda tusimame nao. Haki ya kujua kilichoingia mwilini mwako kazini ni moja, iwe mionzi, vumbi au dawa. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.