Mama Mwenye Mtoto Anayelia Asitolewe Nje

Ilikuwa Dominika ya pili ya Majilio, katika kigango kimoja cha huko juu Kilolo, ambako mvua zikishaanza barabara inakuwa utelezi mtupu na padre hufika mara moja kwa mwezi, na pengine hiyo mara moja nayo isiwezekane. Sisi mafrateri tulikuwa tumetumwa huko kichungaji, tukaongoza Ibada ya Neno. Mmoja wetu alikuwa anahubiri. Mahubiri yake aliyaandaa siku tatu, na kwa kweli yalikuwa mazuri. Alipofika katikati, mtoto wa miaka kama miwili akaanza kulia. Mama yake akambembeleza, akampakata, akampa ufunguo achezee. Mtoto akautupa, akazidisha sauti. Mhubiri akasimama, akasema kwa upole kabisa: "Mama mwenye mtoto, tunaomba utoke naye nje kidogo ili wengine wasikie."

Watu wakageuka. Mama akakaza kitenge, akamchukua huyo na mwingine mchanga aliyekuwa mgongoni, akatoka. Nje kulikuwa na ukungu na manyunyu, baridi ile ya Kilolo ambayo mgeni huidhania ya mwezi wa saba hata mwezi wa kumi na mbili. Dominika iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Noeli hatukumwona.

Hatuandiki haya kumsema mwenzetu. Sote tulikuwepo, na hakuna aliyenyanyuka kumpokea mama yule mtoto mmoja. Jioni tulimpongeza mhubiri kwa jinsi alivyofafanua kilio cha Yohane Mbatizaji nyikani. Aliyetufumbua macho ni katekista, mzee aliyetumikia kigango hicho tangu wengi wetu hatujazaliwa. Alisubiri tumalize chai, kisha akasema, "Mafrateri, yule mama mlimfukuza." Hakuongeza neno.

Tukaenda kumsalimu. Tulimkuta anapukuchua mahindi, mtoto mkubwa amekaa kwenye majivu karibu kabisa na mafiga, mdogo amelala juu ya gunia. Tukasema kamwene, akaitikia, akatafuta vigoda, akaona haya kwamba nyumba haijafagiliwa. Tulianza kuomba radhi kwa maneno marefu kama tulivyozoea. Akatukatisha. "Mimi sikukasirika, frateri. Niliona aibu tu. Nikasema nitarudi akishakua. Jumapili ndiyo siku pekee mimi nakaa chini."

Tulishinda pale mpaka jua likaelekea kuzama, na kwa mara ya kwanza tukaielewa siku ya mama mwenye watoto wadogo kijijini. Anaamka saa 11 usiku haujaisha. Maji, moto, uji. Saa 12 na nusu yuko njiani kwenda shambani, mchanga mgongoni, jembe begani. Huyu wa miaka miwili ni mzito mno kubebwa pamoja na mdogo wake, na hawezi kutembea mlima ule. Wakati wa likizo anabaki na dada yake wa miaka minane. Shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza, dada anarudi darasani, na palizi ndiyo kwanza inaanza. Hapo anabaki na yeyote: leo kwa jirani, kesho kwa bibi ambaye haoni vizuri, keshokutwa anakokotwa hivyo hivyo hadi shambani na kulazwa chini ya mti. Baba yao yuko kwenye mbao, anarudi mwisho wa mwezi. Mama anarejea saa 9 alasiri, kuni kichwani. Chakula cha pili cha mtoto kinaiva jioni.

Yaani kati ya uji wa alfajiri na ugali wa jioni hakuna kitu. Tuliuliza Dominika ile mtoto alikula nini kabla ya ibada. Uji, saa 12. Ibada ilianza saa 4 na tulikuwa tunaelekea saa 6. Mtoto alikuwa na njaa. Hakuna shetani wala utundu uliomliza.

Wasomaji wetu wengi mtakuwa mmesikia takwimu za udumavu za mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Hakuna mkoa uliotuzidi. Njombe, jirani zetu, nao wako karibu asilimia 50. Ni mikoa inayolisha nchi! Kilolo tunalima mahindi, maharage, njegere, viazi. Parachichi zinapakiwa kwenye malori kwenda kuuzwa ng'ambo. Ilula nyanya zinaoza kando ya lami. Viongozi wanashangaa kila mwaka, na mshangao huo huishia kwenye lawama kwa akina mama: hawajui lishe, wanauza mayai, wanapenda ugali mtupu.

Kuna ukweli kidogo humo, hatukatai. Tumeona pia mtoto akionjeshwa ulanzi ili alale, na hilo halina utetezi. Udumavu una sababu nyingine pia, kuanzia afya ya mama akiwa mjamzito hadi maji machafu na kuharisha kwa mara kwa mara. Lakini mama yule alitutajia makundi ya vyakula bila kukosea, maana alifundishwa kliniki. Anajua kuweka karanga kwenye uji. Anajua pia kwamba tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, haliwezi kubeba mara moja chakula cha kutwa. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaanza kula mara mbili au tatu kwa siku pamoja na kunyonya, na anapokaribia mwaka hadi anapotimiza miwili inabidi ale mara tatu au nne. Maarifa anayo. Alichokosa ni mikono. Nani atampa mtoto huo uji wa saa 4 na wa saa 8, wakati yeye yuko kwenye tuta?

Zamani mikono hiyo ilikuwepo, wazee wanatuambia: shangazi, wake wenza, mabinti wakubwa wa ukoo. Mabinti leo wako shuleni, na wawe shuleni, hilo ni jema. Wengine, na hapa tuseme wazi kwa sababu kila parokia ya Iringa inalijua, wako Dar es Salaam wakiwa wadada wa kazi. Wanawapikia uji mara nne kwa siku watoto wa watu wengine, huku wadogo zao wakisubiri jioni.

Turudi kwetu seminarini. Tunasoma falsafa, tunasoma taalimungu, sheria za Kanisa, historia tangu mababa. Tutapadrishwa na kesho yake tutaketi mbele ya wanandoa kuwashauri juu ya malezi. Wangapi kati yetu wamewahi kukaa na mtoto wa miaka mitatu kwa saa nne mfululizo? Tulijaribu. Mama yule alipokuwa na kliniki ya mchanga, mmoja wetu alijitolea kubaki na yule mkubwa pamoja na mtoto wa jirani, bibi wa jirani akiwa uani. Ilipofika saa 4, uji ulikuwa umemwagika, kiatu kimoja kilikuwa shimoni, mmoja ameng'ang'ania kuvaa gauni la dada yake na mwingine amejitupa chini akilia kwa sababu kiazi chake kimekatika vipande viwili na yeye alikitaka kizima. Hakuna hoja iliyomfaa. Ndugu yetu alituambia jioni kwamba afadhali mtihani wa metafizikia, kwa sababu ule angalau una muda wa kumalizika.

Bibi wa jirani alimtazama tu akicheka. Kisha akampa mtoto kiazi kingine, akamketisha mapajani, akamwimbia, kwisha. Hakuchapa. Tunalitaja hili kwa sababu mahubiri yetu kuhusu malezi hukimbilia fimbo haraka sana. Tunasema samaki mkunje angali mbichi, tunamaanisha mchape angali mdogo. Lakini hakuna mvuvi anayekunja samaki kwa kumpiga rungu. Mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini hana kiburi cha kuvunjwa. Amechoka, au ana njaa, au ana jambo kubwa kuliko maneno aliyonayo. Mwenye miaka minne anayeuliza "kwa nini" mara ishirini anafanya kile kile tunachosifiwa nacho katika darasa la falsafa.

Katika Injili ya Marko, sura ya kumi, kuna watu waliowaleta watoto kwa Yesu na kuna wanafunzi waliowakemea. Tumeisoma habari hiyo kwenye ubatizo mara nyingi sana, na kila mara tulijiweka upande wa Yesu. Siku ile Kilolo tulikuwa upande wa wanafunzi, tena kwa nia njema kama wao, maana wao pia walitaka mahubiri yaendelee. Papa Fransisko, alipobatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina Januari 2014, aliwaambia akina mama kwamba kama watoto wana njaa wawanyonyeshe hapo hapo. Kama inawezekana chini ya picha za Michelangelo, inawezekana chini ya bati letu.

Maoni yetu basi ni haya, na tunajua si wote watakubali. Serikali inapokea watoto katika elimu ya awali wakiwa na miaka mitano, na Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Ni jambo zuri. Lakini kati ya ziwa la mama na dawati la awali kuna miaka mitatu ambayo kijijini haina mwenyewe. Kanisa lina nyumba katika karibu kila kitongoji. Inafunguliwa Dominika, inafungwa Jumatatu hadi Jumamosi. Tuna Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na ambazo siku hizi mahali pengi zimebaki kuwa mahali pa kusali rozari na kuulizana michango. Miezi ya kupanda na kupalilia, jumuiya ifungue uwanja wa kigango au ukumbi wake. Bibi wawili wa zamu, sufuria moja ya uji wenye karanga au maziwa, saa 4 na saa 8. Basi.

Tumeambiwa kwamba kanisa si kituo cha watoto. Kweli, na hatusemi wacheze altareni. Tumeambiwa kwamba mtoto akiumia lawama itakuwa ya parokia. Hilo ni zito, na linahitaji utaratibu: afisa ustawi wa jamii ashirikishwe mapema, maana kituo cha kulelea watoto mchana kina sheria zake na usajili wake, watu wazima wawe wawili au zaidi kila wakati, na mafrateri wasiachwe peke yao na watoto, hata kama nia ni njema. Pingamizi lililotuuma zaidi lilitoka kwa mama mmoja wa WAWATA: "Kwa hiyo kazi nyingine tena ya wanawake?" Hatukuwa na jibu. Tulilipeleka kwa wanaume wa jumuiya baada ya ibada. Kulikuwa na ukimya mrefu, mmoja akatania kwamba yeye anaweza kulinda ng'ombe tu, kisha mzee mmoja akajitolea kuni za mwezi mzima. Wengine wawili wakaahidi debe la mahindi. Mmoja alileta.

Jumuiya mbili zilianza mwezi wa kwanza. Moja ilikufa wiki ya tatu kwa ugomvi wa sukari: nani aliichukua nyumbani, nani alisema nini kwa nani. Tulijaribu kusuluhisha, tukashindwa. Nyingine ilikuwa inaendelea tulipoondoka, ikiwa na watoto tisa, siku za mvua kubwa wanne, chini ya uongozi wa yule bibi aliyetucheka. Hapimi uzito wala urefu, haandiki taarifa. Anajua tu nani hajamaliza kikombe.

Mama yule alirudi ibadani Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mtoto akaanza kulia wakati wa somo la pili. Msomaji alisita, akatutazama. Bibi mmoja akanyoosha mikono kutoka benchi la mbele yake, akampokea, akatoa kwenye kanga kipande cha kiazi cha kuchemsha, na somo likaendelea.