Dawa Mbadala ya Ukoma ni Haki, Wala si Hisani



Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza ukoma utibiwe kwa dawa mseto, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini. Dapsoni ilipotumiwa peke yake miaka mingi, vimelea viliizoea, nayo ikashindwa. Tangu 1995 dawa mseto hutolewa bure, na wengi wamepona kwa miezi 6 au 12. Hilo ni jambo la kushukuru.

Hata hivyo, haki haipimwi kwa wingi wa waliopona tu. Hupimwa pia kwa wachache waliosahauliwa. Wapo ambao dapsoni huwadhuru vibaya, ngozi ikababuka na ini likaumia. Wapo wanaoiacha klofazimini kwa kuwa huigeuza rangi ya ngozi, na rangi hiyo huwatangazia majirani ugonjwa wao. Wapo pia ambao vimelea vyao vimekuwa sugu kwa rifampisini.

Dawa mbadala zipo. Asiyeweza kutumia klofazimini huweza kupewa ofloksasini au minosaiklini. Kwa mwenye usugu wa rifampisini, mwongozo wa mwaka 2018 unaelekeza klofazimini pamoja na dawa mbili za akiba, mathalani ofloksasini na minosaiklini, kwa miezi 6. Kisha klofazimini na mojawapo kwa miezi 18 zaidi. Lakini dawa hizo za akiba hazimo katika pakiti za kawaida. Je, mkulima maskini azinunue kwa miaka 2?

Wengine husema kuwa wagonjwa hao ni wachache mno. Nasi twajibu: kwa kuwa ni wachache, kuwahudumia hakuwezi kuifilisi hazina yoyote, bali kumwacha mmoja mwenye vimelea sugu ni kuhatarisha jamii nzima.

Basi, viongozi wa jumuiya, msimwite mkaidi yule aliyeacha dawa. Mwulizeni sababu, kisha mfuatane naye hadi kituo cha afya. Wahimizeni watu wasinunue dawa hizi kiholela dukani, maana matumizi mabaya huzaa usugu. Nanyi madiwani mlio waamini, bajeti ya afya inapojadiliwa, ulizeni waziwazi: dawa za akiba za ukoma zimetengewa fungu gani? Mgonjwa hana budi kupata jibu kabla vidole vyake havijafa ganzi.