Mwenye Mchoro Ndiye Mwenye Soko

Kutoka ghorofa za juu za Ponte, mnara wa ghorofa 54 uliosimama mtaani Berea, Johannesburg, tangu 1975, mtu huona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa OR Tambo. Wapangaji wake wengi ni wahamiaji, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Si wengi wanaojua kwamba vipuri vya ndege kubwa za abiria hutengenezwa mkoani humo humo Gauteng: kampuni ya Aerosud, yenye karakana Centurion, huwauzia Airbus na Boeing.

Soko la vipuri vyepesi linakua kwa sababu moja kubwa, nayo ni bei ya mafuta. Kila kilo inayopunguzwa, na kila ncha ya bawa inayokunjwa juu ili kutuliza upepo, ni fedha inayobaki mfukoni mwa shirika la ndege. Boeing 787, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza 2018, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni na gundi.

Lakini kupata kazi ya Airbus si sawa na kuwa na soko. Afrika Kusini ililijua hilo kwa gharama. Mwaka 2005 iliagiza ndege 8 za kijeshi za Airbus, A400M, na kampuni ya serikali ya Denel ikapewa kutengeneza gamba la kufunika maungio ya mabawa na kiwiliwili. Mwaka 2009 serikali ikafuta oda hiyo, bei ikiwa imepaa. Kazi haikukatika siku hiyo, ila baadaye madeni na usimamizi mbovu viliibana Denel hadi ikashindwa kulipa mishahara.

Mfano wa kuigwa uko nchini humo humo, mjini Potchefstroom. Ndugu wawili, Attie na Uys Jonker, walibuni ndege isiyo na injini, JS1, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 2006. Huko kitambaa cha kaboni hulazwa ndani ya kalibu, kikalowanishwa gundi, hewa ikafyonzwa yote, kisha bawa likapigwa msasa hadi kiganja kisihisi mkwaruzo. Wadudu wachache tu waliogandia ukingo wa mbele hupunguza mwendo! Marubani wa ndege hizi wamebeba ubingwa wa dunia, na mchoro ni mali ya Jonker wenyewe.

Kusini mwa Johannesburg, uwanjani Tedderfield, kampuni ya Sling nayo huuza ndege ndogo za mabati ya alumini, nyingine zikiwa vipande ambavyo mnunuzi hujiungia mwenyewe. Mwaka 2009 mwanzilishi wake, Mike Blyth, na mwenzake James Pitman waliizunguka dunia kwa Sling 2. Miaka kumi baadaye vijana wa shule waliunga Sling 4 wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo.

Kwenye kampuni kama hizi, zenye michoro yao, ndiko fedha ya umma ingefaa kwenda, kuliko kusubiri makombo ya oda za kijeshi. Kijana wa Berea anayeziba bampa za faiba tayari ameizoea gundi na msasa. Anachokosa ni chuo cha kumfundisha vipimo na kumpa cheti kinachotambulika. Tanzania nayo isibweteke. Morogoro zinaungwa ndege ndogo za Skyleader, jambo la kujivunia, ila mchoro ni wa Wacheki. Vyuo vya uhandisi vya Dar es Salaam vipewe kazi ya kuchora bawa la kwanza.