Kabla Hamjanunua Vidonge vya Ujana
Mwezi huu nakupeleka Kibirizi, dagaa wanakoanikwa. Si unajua dagaa wakikaa sana wanakuwa wachungu? Ni mafuta yao yameungana na oksijeni. Seli za miili yetu nazo hushambuliwa na oksijeni kali, ndo maana wataalamu wanatafuta kinga.

Wanaijaribia kwenye hamira, ile ile ya maandazi, kwa sababu ni kiumbe hai chenye seli moja inayofanana na zetu kwa mengi. Fenoli za mimea, kama zilizomo kwenye kitunguu chekundu, zimeisaidia hamira kustahimili shambulio hilo. Mwaka 2003, David Sinclair wa Harvard na wenzake walitangaza kwamba resveratroli, fenoli ya maganda ya zabibu, inarefusha maisha ya hamira kwa asilimia 70. Mwaka 2005 watafiti wengine wakarudia, wasione ongezeko lolote.

Sasa wewe na mwenzio mchote akiba ya harusi mkanunue vidonge vya ujana? Jamani, hamira si binadamu! Mimi nasema pesa ibaki benki. Dagaa wenu wapikeni na vitunguu vya kutosha, mle pamoja, simu zikiwa mbali.