Mchoro wa Siku Moja na Kumbukumbu ya Mama

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kumbukumbu: nani hukumbukwa, nani husahaulika, na mama ana kazi gani katika jambo hili ndani ya nyumba yake.

Tuanzie mahali ambapo watoto wetu hupita karibu kila siku, yaani kwenye intaneti. Wengi wetu tunaifahamu Google, tunayoitumia katika simu kutafuta mapishi, bei za vitu au masomo ya watoto. Siku nyingine mtu akiufungua ukurasa ule huona kwamba jina la Google halikuandikwa kama kawaida. Herufi zake zimegeuzwa kuwa picha. Huenda ni sura ya mtu, bendera, ngoma au mti. Ukiigusa picha hiyo unaletewa habari za mtu au siku inayokumbukwa. Michoro hiyo huitwa Doodle. Wa kwanza ulitokea mwaka 1998, wakati waanzilishi wawili wa kampuni hiyo walipotaka kuwajulisha watu kwamba wamekwenda kwenye tamasha. Ulikuwa ni utani tu, lakini ukageuka desturi. Leo hii michoro hiyo huwakumbuka wanasayansi, waandishi, waimbaji, pamoja na sikukuu za mataifa. Tarehe 9 Desemba, kwa mfano, imewahi kuchorwa kwa heshima ya uhuru wetu.

Katika wanawake wa Afrika waliochorwa, Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini alikumbukwa tarehe 4 Machi 2013. Wangari Maathai wa Kenya alifuata tarehe 1 Aprili mwaka huohuo, siku ambayo angetimiza miaka 73. Huyu ndiye mama aliyeanzisha mwaka 1977 kazi ya kuwahimiza wanawake wa vijijini kupanda miti, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobeli ya Amani.

Lakini leo tunataka kukaa zaidi na mama mwingine, ambaye huenda baadhi yenu hamjamsikia. Tarehe 12 Juni 2019 mchoro ulikuwa wa Margaret Ogola. Alizaliwa Kenya mwaka 1958, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akawa bingwa wa magonjwa ya watoto. Alikuwa Mkristo wa Kanisa Katoliki, mke na mama wa watoto. Alifanya kazi katika nyumba ya Cottolengo mjini Nairobi, iliyowatunza yatima wenye virusi vya UKIMWI, katika miaka ile ambayo watu wengi waliogopa hata kumshika mtoto wa namna hiyo. Alifariki kwa saratani Septemba 2011. Siku nne baadaye, Wangari Maathai naye akafariki kwa saratani. Katika juma moja Kenya iliwapoteza akina mama wawili wa namna hiyo.

Pamoja na kazi zote hizo, Margaret Ogola aliandika vitabu. Kitabu chake cha kwanza, The River and the Source, kilitoka mwaka 1994, kikapata tuzo, na baadaye kikasomwa na wanafunzi wa sekondari nchini Kenya kwa miaka kadhaa. Kinasimulia maisha ya wanawake wa ukoo mmoja wa Kijaluo, kizazi baada ya kizazi. Wa kwanza ni Akoko, binti wa chifu. Akoko anafiwa na mumewe, halafu shemeji yake anataka kunyakua kiti cha utawala pamoja na mali. Mama huyu hanyamazi. Anafunga safari hadi Kisumu kupeleka mashtaka kwa serikali, naye anasikilizwa. Baadaye yeye na binti yake mjane wanakwenda misheni na kubatizwa. Mwishoni mwa kitabu, wajukuu na vitukuu wao ni watu wa shule, vyuo na kazi za kisomi.

Sasa, akina mama, sikilizeni vizuri hapa. Mama daktari huyu aliyapata wapi mambo hayo? Aliyapata kwa mama yake mzazi, aliyemsimulia habari na hekima za mama yake na za bibi yake. Hebu tuhesabu kurudi nyuma. Mchoro wa mwaka 2019 ulikuwapo kwa sababu kulikuwa na kitabu. Kitabu kilikuwapo kwa sababu binti alisikia masimulizi. Na masimulizi yalikuwapo kwa sababu mama mmoja alikubali kukaa na mtoto wake na kumweleza habari za waliotangulia. Huyo mama aliyesimulia hakuchorwa, wala dunia haimjui. Lakini tukimwondoa yeye, mnyororo wote unakatika.

Hapo ndipo tunapoona kazi yetu. Michoro hii ni mizuri, nasi hatuna sababu ya kuidharau. Hata hivyo ina mipaka yake. Mara nyingi hukaa siku moja tu. Mingine huonyeshwa katika nchi fulani peke yake, hata jirani asiione. Na wanaochora huko mbali wanaweza kumchora yule tu ambaye habari zake zimekwisha kuandikwa. Bibi yako aliyetembea na mtoto mgongoni kwenda kujifunza kusoma Biblia hawawezi kumchora. Mama aliyekuwa wa kwanza kijijini kumkatalia mzee mmoja kumwoza binti wa darasa la tano, naye hawawezi kumchora. Hawamjui. Anayemjua ni wewe.

Tena jina peke yake halitoshi. Pale Dar es Salaam kuna Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Maelfu ya watu huipita kila siku. Muulize mtoto anayepita hapo na mkoba wake wa shule: Bibi Titi alikuwa nani? Wengi hujibu kwamba ni jina la barabara. Hawajaambiwa kwamba kuanzia mwaka 1955 mama huyo aliongoza akina mama wa TANU, akawafuata wanawake katika vikundi vyao vya ngoma na kuwaita waingie katika kazi ya kudai uhuru. Kibao kipo, ila hadithi haipo.

Neno la Mungu lilikwisha kuliona jambo hili. Katika kitabu cha Yoshua sura ya 4, Waisraeli walipovuka Yordani waliamriwa kutwaa mawe 12 kutoka mtoni na kuyasimamisha. Mawe hayo hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Yaliwekwa ili watoto wayaone na kuuliza maana yake, na wazazi wawe tayari kujibu. Mzazi asipojibu, jiwe linabaki jiwe. Paulo naye, alipomwandikia Timotheo barua ya pili, aliitaja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike. Wanawake hao wawili hawakuandika barua yoyote tunayoijua, lakini majina yao yamefika kwetu. Na yule mwanamke aliyempaka Bwana Yesu marhamu, katika Mathayo sura ya 26, Bwana mwenyewe alisema kwamba tendo lake litatajwa popote Injili itakapohubiriwa.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache yasiyo na gharama.

Kwanza, mtoto akikuonyesha mchoro wa namna hiyo kwenye simu, usimwambie aache kuchezea simu. Kaa naye dakika tano, someni pamoja, kisha muulize: mtu huyu alifanya nini, na alipata shida gani? Michoro ya zamani pia imehifadhiwa, hivyo mnaweza kuitafuta hata siku ile ikiwa imepita.

Pili, nunua daftari moja la nyumbani. Andika majina ya bibi na babu wa pande zote mbili, wa kwako na wa mume wako. Andika walikotoka, walibatizwa wapi, walifanya kazi gani, na jambo moja walilolivumilia. Kama mama mkwe bado yuko hai, mfuate yeye mwenyewe. Wako wakwe na wakaza wana ambao mazungumzo yao yalikuwa ya kazi za jikoni tu, wakaanza kupatana siku mmoja alipomwomba mwenzake amsimulie.

Tatu, waacheni watoto wachore. Mtoto na amchore bibi yake akiwa shambani, sokoni au kanisani, na chini ya picha aandike jina na tarehe. Ibandikeni ukutani siku ya kumbukumbu ya bibi huyo.

Nne, katika umoja wa wanawake kanisani, tengeni siku moja kwa mwaka ya kuwataja akina mama waliouanzisha umoja huo. Andikeni majina yao kabla wanaowakumbuka hawajaondoka. Wazee wanapungua kila mwaka, na anayezikwa bila kuulizwa huondoka na habari zake zote.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sisi tunaongeza kwamba mtoto hawezi kuacha wala kushika asili ambayo hakuambiwa. Margaret Ogola aliambiwa, naye akaandika. Huenda jikoni kwako jioni hii ameketi mwingine wa namna yake, anamenya viazi na kungoja uanze kusimulia.

Mungu azibariki nyumba zenu.