Mita sitini za ufukwe wa ziwa: haki ya nani?

Atokaye Mwanza kuelekea Magu, akiufuata mwambao wa Ziwa Victoria, huyaona mafunjo na matete yamesimama katika tope jeusi. Wengi wetu hulihesabu eneo la namna hiyo kuwa pori lisilo na faida, maskani ya mbu na nyoka. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo ndiyo mwanzo wa hasara tunayoikaribisha kwa mikono yetu wenyewe.

Maji ya mito yaingiapo katika mafunjo hupunguza mwendo. Udongo hutua chini, na mizizi hufyonza sehemu ya mbolea na uchafu. Majani yanayokufa hayaozi upesi, kwa kuwa hewa ni haba ndani ya maji yale. Hujilimbikiza na kuwa mboji inayohifadhi maji na hewa ya ukaa. Ardhi hiyo ikikaushwa, mboji huoza na kuiachia hewa hiyo. Uhaba huo wa hewa ni ngome pia kwa viumbe wadogo: sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, haustahimili, ilhali baadhi ya furu huweza kuishi humo, pamoja na kambare na kamongo.

Sasa na tuutazame Mto Mirongo, upitao katikati ya jiji ukibeba taka zetu hadi ziwani. Katika ziwa hilohilo ndimo mitambo ya Capri Point na Butimba inamochota maji tunayokunywa na kutawadhia. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 3,699,872. Wanywaji wanaongezeka, na chujio linapungua.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Hata hivyo, kati ya maeneo manne ya ardhioevu ya Tanzania yaliyoandikishwa katika Mkataba wa Ramsar, likiwamo la Malagarasi-Muyovozi lililotangulia mwaka 2000, hakuna hata moja lililo katika mwambao wa ziwa hili.

Ziwa lenyewe limekwisha kutukumbusha mpaka wake. Mwezi Mei 2020 kina chake kiliivuka rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 maji yakapanda tena. Nyumba, mialo na mashamba vilifunikwa katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Wengi walisema ziwa limevamia makazi ya watu. Je, si sisi tuliotangulia kuyavamia makazi yake?

Hapa pana jambo la haki. Mjane anayelima mchicha bondeni na mkulima wa mpunga hawakwenda huko kwa ukaidi. Walifuata unyevu mvua zilipokosekana. Mita 60 zikipimwa kwenye tuta la mboga na zisipimwe kwenye ukuta wa jumba lililojengwa juu ya kifusi, hiyo haitakuwa hifadhi bali dhuluma. Anayeondolewa aonyeshwe pa kulima, na kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Kwetu Waislamu wazo hili si geni. Wanazuoni wa fiqhi waliweka harimu, yaani eneo la kukizunguka kisima au mto ambalo mtu halimiliki kwa kulihuisha, ili chanzo kisidhurike. Naye Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi', nje ya Madina, kuwa hima, malisho ya farasi wa Waislamu. Ardhi iliyoachwa kwa manufaa ya wote haikuitwa ardhi iliyopotea.

Ndugu wasomaji, tusingoje mkaguzi. Mwenye kiwanja ufukweni ayaache mafunjo yasimame. Kamati ya msikiti iulize taka na maji machafu ya msikiti yanakwenda wapi. Nasi wazazi tuwafundishe watoto kwamba tope lile jeusi ni mlinzi wa ndoo ya maji iliyopo nyumbani. Siku mlinzi huyo akiondoka, bei ya kusafisha maji tutailipa sote, na maskini ndiye atakayelemewa zaidi.